Alama Yangu kwenye Soli za Waya

Alhamisi, Julai. Baridi kavu. Jua sijaliona tangu Jumatatu.

Nimepoteza jina langu. Lilipotea juzi Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya safu nzima ya mafundi wa akala, viatu vya tairi, hapa Kariokor. Aliyeliangusha ni mteja. Aliyelilegeza ni Rajabu, mshirika wangu. Na mimi nina sehemu yangu, nitaifikia.

Mteja ni Mutiso, kibarua wa machimbo ya mawe kule Njiru. Alikuja akichechemea, akaitua akala moja mezani kwangu, soli juu.

"Fundi, hii si kiatu. Hii ni nungunungu umenifunga mguuni!"

Majirani wakaangua kicheko. Kisha Mutiso akafungua kitambaa tukauona mguu wenyewe, umevimba mpaka kifundoni, na kicheko kikaisha. Siku nne hajashika nyundo. Kibarua asiposhika nyundo, kwake sufuria haiinjikwi.

Karibu na kisigino waya nne zilikuwa zimechomoza. Na pembeni yake, imechomwa vizuri kabisa, alama yangu: mistari mitatu ndani ya duara. Alama hiyo niliichonga mwenyewe mwaka wa sabini na mbili, nilipokuja mjini na kisu kimoja na viatu vya kuazima. Miaka kumi na mmoja watu wananunua duara lile bila hata kuuliza fundi yuko wapi.

Soli nzuri hukatwa kwenye tairi la nyuzi. Siku hizi yameingia matairi yenye waya ndani. Yanapatikana kwa urahisi kwa sababu hakuna anayeyataka: yanaua kisu, na soli ikilika, waya hutoka kama miiba. Kila fundi analijua hilo. Rajabu analijua kuliko wengi, maana yeye ndiye aliyenionyesha.

Katika safu yetu tuna desturi. Mtu akienda matanga nyumbani, humwachia mwenzake chuma chake cha alama, ili kibanda kisilale. Mwezi wa Mei nilikwenda Bungoma kumzika shangazi yangu aliyenilea. Chuma nikamwachia Rajabu. Akakata jozi arobaini na nane za tairi la waya, akazichoma kwa chuma changu, akazipeleka zote machimboni Njiru.

Jana nilimwambia tuzirudishe zote, tuwape nyingine. Akacheka.

Sisi wawili tunasoma biashara Jumamosi mchana, ukumbi wa mtaa. Muhula huu mwalimu anatufundisha kupima tendo kwa njia tatu: matokeo yake kwa watu wengi, wajibu ulio nyuma yake, na linakufanya uwe mtu wa namna gani. Mimi nilidhani hayo ni maneno ya watu wasiojua tairi lina uzito gani. Rajabu yeye alisikiliza vizuri. Vizuri mno.

"Ndugu yangu, piga hesabu ya mwalimu," akaniambia. "Waliolalamika ni watatu, Mutiso na wenzake wawili. Tukitangaza, nani atanunua akala safu hii? Mafundi kumi na tisa, na watoto wao. Watu watatu kwa watu mia. Sasa faida ya wengi iko wapi hapo?"

Mimi, ambaye safu nzima huniita niwapigie hesabu zao, nikaanza kuhesabu upya kwa vidole.

Akaongeza, "Darasa limekulevya, Wafula. Umekuwa padre wa matairi."

Leo nimekaa na hesabu yake tangu asubuhi, nimeliona tundu lake. Rajabu amewahesabu waliofika. Mtu aliyechomwa mguu hatembei kutoka Njiru mpaka Kariokor. Watatu hao ndio wanaoweza kutembea! Halafu jozi arobaini na nane ni miguu tisini na sita, na mawe ya machimbo hula soli kwa miezi mitatu hivi. Ziliuzwa Mei. Nyingi hazijafika kwenye waya bado. Zitafika Agosti. Kwa hiyo hata kwa mizani ya matokeo, aliyoichagua mwenyewe, Rajabu ameshindwa.

Mizani ya wajibu haikunichukua hata dakika. Kila fundi akifanya alivyofanya Rajabu, hakuna atakayemwachia mwenzake chuma tena. Tutazika watu wetu kwa barua.

Ya tatu ndiyo siipendi.

Niliporudi kutoka Bungoma, siku ile ya kwanza nilifagia kibanda. Chini ya benchi nilikuta vipande vya waya, vifupi kama kucha. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimechoka, kibanda kilikuwa kimefanya kazi bila mimi, na Rajabu alikuwa amenipokea kwa chai. Nikavifagia nje.

Wiki saba nimenyamaza.

Kwa hiyo mtu wa namna gani? Mtu aliyejua mguu wa Mutiso utachomwa kabla Mutiso hajajua. Hilo siwezi kumtwika Rajabu.

Tangu Jumanne nimekata jozi kumi za tairi la nyuzi. Sijazichoma alama. Chuma kimefungwa kwenye kitambaa na hakitaona moto mpaka nimesimama mbele ya wale wapasua mawe nikawaambia jina langu. Jozi ya kwanza ni ya Mutiso, na nitampeleka zahanati mwenyewe. Zitabaki jozi thelathini na nane kukatwa. Peke yangu ni siku kumi. Tukiwa wawili ni tano, na siku tano hizo zinazozidi ni miguu ya watu.

Kesho nampa Rajabu swali hili mkononi, kwenye karatasi, asije akasema hakusikia:

Rajabu, Jumamosi saa moja asubuhi naondoka Kariokor na baiskeli kwenda Njiru. Utasimama kando yangu useme ni mkono wako uliokata, nami niseme ni jicho langu lililoona likanyamaza? Sitaki "tutaona". Sitaki hesabu nyingine. Ndiyo au la, kabla ya saa moja. Ukinyamaza mpaka baiskeli iondoke, nimesikia la, na chuma changu hutakishika tena, hata nikizikwa mimi.