Birika la Akimana

Dodoma, 14 Machi

Dada Generosa,

Nakusalimu wewe na wote mlio Kumsenga. Maharage uliyotuma nimeyapokea.

Unaniuliza kwa nini mwanao Akimana hujificha kila mgeni abishapo hodi. Jibu ni mimi. Siku ile wageni wa posa yangu walipofika kutoka Kasulu, yeye ndiye aliyewanawisha mikono, akawamwagia maji magotini. Nilimwita mvivu mbele yao, nikamlazimisha kurudia. Akanong'ona, "Mama mdogo, mikono hainisikii." Wakacheka, nami nikacheka, mimi ninayepaza sauti jukwaani dhidi ya uonevu.

Juzi, kwenye semina yetu ya wanaharakati, daktari wa watoto alitufundisha kuhusu dispraksia. Akili ya mtoto ni timamu, lakini ubongo wake huhangaika kuiongoza mikono na miguu, hata kufunga vifungo ni vita. Mpeleke akapimwe, na asichapwe tena kwa kuvunja vikombe.

Hata hivyo, kutojua si utetezi wangu. Asubuhi ile, kabla wageni hawajafika, nilimwona nyuma ya jiko akijizoeza kwa birika tupu, akilinawisha gogo. Nilijua anajitahidi.

Msomee maneno haya.

Mdogo wako mwenye hatia,
Elieth