Vidonge Vilivyomezwa na Chai

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo Kidogo cha Polisi Chimbalame, Wilaya ya Balaka, Malawi
Alhamisi, 14 Februari 2019, saa nne na dakika kumi asubuhi

Jina: Fyness Magombo. Umri: miaka 52. Kazi: muuza mandazi. Makazi: kijiji cha Nkhande.

Jumatatu jioni, akiwa wodini, mdogo wangu Wyson Magombo aliwaambia polisi kwamba mkewe, Enifa, alimbadilishia vidonge kwa siri ili amuue. Si kweli. Walibadilishana nyumbani kwangu, nikiona.

Sote watatu tunaishi na virusi vya UKIMWI. Mwezi uliopita mimi na Wyson tulihamishiwa dawa mpya, 13A. Enifa, mwenye miaka 29, aliachwa kwenye ya zamani, 5A. Aliomba naye ahamishwe. Mwuguzi akamjibu kuwa mpya ni ya wanaume na wanawake waliokoma kuzaa, kwa sababu inahofiwa kudhuru mimba. 5A humletea kizunguzungu na ndoto mbaya, na ndiyo maana humezwa wakati wa kulala. 13A sisi humeza asubuhi.

Mnamo Jumapili tarehe 10 Februari, saa kumi jioni, tulikuwa tunakula nsima. Enifa akasema hajalala siku tatu. Wyson akacheka.

"Ndoto zako ni uvivu uliovaa kitenge."

"Basi, mwanaume, meza zangu wiki moja," Enifa akamjibu. "Mimi nimeze zako, nilale kama wifi."

"Lete! Mimi hata sumu naishushia na chai."

Walibadilishana chupa. Enifa akamwambia, "Usiku, usisahau." Wyson akasema amemeza dawa miaka sita, hafundishwi. Mimi nilicheka.

Jumatatu tarehe 11, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Wyson, ambaye ni fundi wa mapaa, alikuja kwenye meza yangu karibu na shule inayojengwa. Alikula mandazi manne. Akatoa kidonge, akakimeza na chai, kama alivyozoea. Nilimwona. Mafuta yalikuwa yanachemka na wateja walikuwa wengi. Sikusema kitu.

Saa mbili na nusu aliniita kutoka juu: "Dada! Bati linatembea!"

"Lifunge kamba!" wenzake wakamjibu, wakacheka. Akaanguka. Amevunjika nyonga.

Jana nilikwenda wodini, nikamwuliza kwa nini amesema uongo. Akageukia ukutani. "Dada, nitachekwa kijiji kizima. Yeye watamwachia tu."

Hawajamwachia. Yuko mahabusu hapa tangu Jumatatu jioni. Chupa zote mbili zimefungiwa kwenye kabati la vielelezo. Leo ni siku ya tatu hajameza chochote, si 5A, si 13A.

Haya nimeyasema kwa hiari yangu, dhidi ya ndugu yangu wa tumbo moja. Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi: F. Magombo

Maandishi ya afisa: Yameandikwa nami, Sajini Lyton Mhango. Shahidi ameomba mtuhumiwa apewe dawa zake. Ombi litafikishwa kwa mkuu wa kituo atakaporejea, Jumatatu tarehe 18 Februari.