Taa ya Kuniitia

Mjukuu wangu, fundi usiye na adabu,

Mimi mzima, ila masikio yameshastaafu. Ile taa uliyonichorea saketi yake, ya bibi yako kuniitia akiwa kitandani, ilikuwa haiwaki. Ukasema nimegeuza betri. Mjinga wewe! Nilibadilisha betri, nikapima waya zote, nikalehemu upya mpaka nikaunguza ndevu. Nikibonyeza mimi, inawaka vizuri tu.

Jana nikamkuta bibi yako kidole kiko juu ya kitufe, mto umelowa machozi. Kumbe alikuwa akiniita. Kidole hakina tena nguvu ya kubonyeza.

Nakusihi, nichoree saketi nyingine leo hii, ya kuwaka kwa kuguswa tu. Hata kwa pumzi. Hiyo bado anayo.

Ni mimi babu yako, kiziwi