Fundi wa Mabanda Anataka Kutujengea Nyumba

Mpendwa Bi Opal, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili baada ya ibada mume wangu Darrell atashikana mkono na fundi wa mabanda, Verlin Stucker, na katika kaunti yetu hii mkono ukishashikwa mambo yamekwisha. Tunajenga nyumba ya banda, zile za mabati, upande mmoja karakana ya Darrell na upande mwingine sisi na mama yangu mwenye pumu, ambaye ameshauza nyumba yake ili aje kukaa nasi, kwa hiyo hana pa kurudi. Verlin ni mtu mwema, sikatai, Darrell alipovunjika mguu yeye ndiye aliyetukatia nyasi zote na kuzifunga marobota bila kuombwa, na kimbunga kilichong'oa paa la shule hakikugusa banda lake hata moja, lakini nilipomuuliza kwa upole ni nani anaishi katika majengo yake, alifikiri sana, akasema, "Ng'ombe wa Hershel, na mpaka leo hawajalalamika." Nikacheka peke yangu.

Baadaye akamkumbuka binamu yake Wendell, anayekaa katika nyumba aliyomjengea, tukaenda kwake asubuhi ya baridi, Wendell akatukatia pai ya njugu za pekani huku amevaa kofia mezani, nikamwona hana adabu, mpaka tone la maji liliponidondokea shingoni na nje hakuna mvua. "Utazoea, mama," akaniambia. "Inadondoka asubuhi tu." Darrell akaendelea kula pai. Garini akasema kutafuta fundi mwingine ni kumtemea Verlin mate usoni. Bi Opal, nitamkataaje mtu aliyetukatia nyasi?

Shingo Iliyolowa

Shingo Iliyolowa, pole. Sasa nisikilize. Ulikwenda asubuhi ya baridi, ukakaa chini ya dari, ukaona. Hivyo ndivyo fundi anavyokaguliwa, na wengi huniandikia wakiwa wameshahamia. Kinachokushinda wewe ni kuona haya tu.

Mabati yenye baridi nje na joto ndani hutoa jasho. Fundi wa nyumba huyavisha blanketi la kuzuia joto na unyevu kabla hajafunga dari. Verlin hajawahi kuhitaji kujua hilo, na si dhambi. Ila jasho huleta kuvu ukutani, na mama yako ana pumu. Mwambie Darrell hivyo hivyo, bila kulia, akiwa hana pai mdomoni.

Deni la nyasi mlipeni kwa nyasi, mkamkatie zake mwakani. Banda la marobota mpeni ajenge, hapo hana mpinzani. Nyumba itafutieni mtu aliyewahi kujengea watu, na mzungumze na watu hao fundi akiwa hayupo, muwaulize nini kilivuja na kama alirudi kurekebisha. Mchoro uwe na muhuri wa mhandisi, bima yake uione kwa macho yako, na makubaliano yaandikwe. Akinuna kwa kuombwa karatasi, mmwage.

Jumapili usimtume Darrell, atarudi ameshikana mkono. Nenda mwenyewe, mshukuru Verlin kwa nyasi, kisha mwambie nyumba hapana. Atanuna mpaka mavuno, utavumilia. Ng'ombe wa Hershel hawajalalamika kwa sababu hawawezi. Mama yako anaweza, atakuwa chumba cha pili, nawe utamsikia vizuri sana, mradi pumzi imtoshe.