Shati Lako Kwenye Bendera

Mlali, Morogoro
14 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Mikidadi,

Marahaba, baba. Najua huko uliko umeniamkia moyoni, nami nimeitika. U mzima? Unakula? Sisi hatujambo, ila baridi ya mlimani imeteremka mpaka vitandani.

Simu yako haipatikani tangu mfungo uishe. Wanasema huko mpakani mnakolinda hakuna mtandao. Sawa. Lakini moyo wa mama haujui mtandao.

Ile bendera ya ofisi ya kijiji, uliyoipandisha mwenyewe ulipokuwa mgambo, imeshushwa. Jua na upepo vimeimaliza, imebaki nyuzi. Mtendaji akasema bendera ya taifa haitupwi wala haifanywi tambara, inakunjwa na kuchomwa kwa heshima. Tukaitwa, tukasimama kimya.

Kimya chenyewe akakivunja mtani wangu Zuhura. Unamjua, msibani hana haya. Akajitupa chini akilia, "Jamani marehemu! Mmemwanika juani miaka yote, leo mnamchoma, na wali hamjapika!" Watu wakacheka. Mtendaji akageuka kuficha meno. Mimi pia nikacheka.

Moto uliposhika pembe ya buluu, ikaja harufu yako. Sikudanganyi. Jasho lako lile la kutoka kufyatua tofali. Ndipo nikakumbuka, mwaka jana nilipopewa niishone nilikosa kitambaa, nikakata shati lako la buluu, nikaitia kiraka kwenye pembe ile. Nguo ya mtu aliye hai haichomwi, mwanangu. Na mtani hulia palipo na maiti.

Nikamnong'oneza Zuhura. Yeye ambaye hata makaburini hanyamazi, alinyamaza. Akanishika mkono mpaka nyumbani.

Sasa ipo bendera mpya. Inapigapiga kutwa kama mtu anayekung'uta shati kabla ya kulivaa. Nikiisikia natoka mlangoni, natazama njia. Jana nilikutengea chakula, nikakifunika. Asubuhi nikakifunua mwenyewe.

Zuhura amekuja leo, kasema, "Mwandikie. Akijibu nitakutania mpaka uhame kijiji." Basi andika kwa mkono wako, hata neno "nipo" tu. Mwandiko wako naujua.

Mjomba wako Athumani anakutaja kila sala. Shangazi Raya anakusalimu, na mdogo wako Mwajuma anauliza kama utamletea viatu.

Mungu akufunike mchana na usiku, akurudishe kwa miguu yako. Nijibu, baba, nitaniwe.

Ni mimi nikupendaye, mama yako,
Mwanvita