Debe la Posa

Jumatatu, 9 Machi 1953

Trekta ndogo imeanza kukohoa. Inawaka vizuri, unazungusha hendeli mara mbili tu. Ukiipeleka kwenye mistari ya kahawa na kuipa kazi, inasitasita, inazima. Njoroge, dereva wake, ameirudisha karakana mara tatu leo. Nimetoa plagi nikaisugua kwa brashi ya waya. Cheche ni ya buluu, safi. Sioni ubaya. Bwana mwenye shamba anataka palizi iishe kabla ya masika, na mlima umejifunika tangu asubuhi.

Mgongo unaniuma kwa mizigo ya jana. Lakini posa ya mdogo wangu imekubaliwa kule Nkoaranga. Wazee wamekunywa, wamebariki. Hata mzee wa kanisa alionja, nilimwona, akajifuta masharubu haraka. Kibuyu kimoja kilipasuka kabla hatujaondoka, nikaazima debe jipya la stoo bila kumwambia Bwana, tukabebea pombe ya ndizi. Jioni nililiacha nyuma ya stoo nilioshe leo. Leo silioni. Kuna mtu kanirudishia ndani. Afadhali.

Jumanne, 10 Machi

Leo magneto, kile kinachozalisha cheche. Nimesugua pointi kwa msasa laini, nikapima nafasi kwa kipande cha paketi ya sigara, kama nilivyofundishwa na fundi Singasinga kule mjini. Nikawasha. Dakika kumi nzuri, halafu kukohoa kulekule.

Njoroge akacheka: "Fundi, mashine hii imelewa. Ona inavyoyumba."

Mimi nilicheka. Bwana alikuwa mlangoni, hakucheka. Tangu Krismasi anatembea na bastola kiunoni, na gazeti la Nairobi analisoma akiwa amesimama. Mambo ya Kenya, Wakikuyu kuwaasi wazungu, yamemwingia kichwani. Mwezi uliopita Wakikuyu wa shamba la jirani walipakiwa kwenye lori na magodoro yao. Njoroge, naye Mkikuyu, amebaki kwa sababu Bwana alimwandikia barua. Ana miaka kumi na miwili hapa. Anasema Kimeru vizuri kuliko mke wangu, ambaye ni Mchaga.

Sikuipenda ile sura ya Bwana.

Jumatano, 11 Machi

Nimelijua tatizo. Heri nisingelijua.

Nilifungua kabureta, Bwana amesimama juu yangu. Kwenye kibakuli chake, chini ya petroli, kulikuwa na matone ya maji na utelezi wa kahawia. Bwana akachovya kidole, akakiweka ulimini. Akatema.

"Iko sukari," akasema. "Mtu ametia kusudi."

Mimi harufu ilikuwa imeshanifika. Ndizi zilizochacha. Na kwenye kitundu cha kupitishia petroli ilikuwa imenasa punje moja ya ulezi. Ulezi wa mama yangu, aliopikia pombe ya posa. Debe halikurudishwa na mtu wa kunihurumia. Njoroge alilichukua Jumatatu asubuhi, akaona ni jipya, akachotea petroli kwenye pipa.

Nilifunika punje kwa kidole gumba.

Bwana akauliza nani anajaza petroli. Swali la nini, anajua. Njoroge akasema ni yeye. Kisha akanitazama, anangoja fundi aseme kitu.

Nilikagua spana mkononi mwangu, ya namba ileile ninayoijua tangu mwaka arobaini na saba.

Alhamisi, 12 Machi

Polisi walikuja saa mbili asubuhi. Askari wawili. Njoroge aliomba avae viatu, wakamkatalia, wakaondoka naye.

Nimemwaga tangi, nimesuuza mpira wa petroli, nimepuliza kile kitundu, nimechuja petroli mpya kwa kitambaa. Inawaka mara moja. Inalia vizuri kuliko siku iliponunuliwa. Nimeichukia.

Naogopa. Nikisema, na mimi nitabebwa. Mwizi wa debe, mharibifu wa mashine, nani atatofautisha? Nyumba ni ya Bwana. Mke wangu Elinipa ana mimba ya miezi minane. Na wakwe watasikia kwamba pombe ya posa yao imefunga watu.

Mchana mke wa Njoroge alikuja karakana. "Shemeji, wewe ni fundi. Ni kweli alitia sukari?"

Nikamwambia sijui. Mimi, fundi.

Ijumaa, 13 Machi

Mpishi amesikia Bwana akisema kwenye simu. Lori la kuwapeleka Wakikuyu Kenya linaondoka Arusha Jumatatu. Njoroge atapelekwa nalo, na huko watamshughulikia kwa lile la sukari. Huko. Sote tunajua wanavyoshughulikiwa.

Nilikwenda mpaka ngazi ya baraza. Mbwa akabweka. Nikarudi. Mbwa mwenyewe ni mzee, hana meno.

Elinipa ameuliza mbona sili. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 14 Machi

Nimesema.

Niliingia na debe mkono mmoja na kiberiti mkono wa pili. Ndani ya kiberiti ile punje. Nilishika maneno tangu alfajiri na yote yakapotea. Nikasema tu: "Bwana, ni pombe. Ni mimi." Nikamwonyesha pindo la chini la debe, mahali bati limekunjwa na masimbi ya pombe yameganda. Akanusa. Uso ukawa mwekundu mpaka masikioni.

Aliuliza lini nilijua. Nikasema Jumatano.

Ningependa anipige. Akaenda kwenye simu, akazungusha hendeli yake, akasema Kiingereza cha haraka. Alipomaliza hakunitazama. "Rudi kazini. Funga mdomo." Ndipo nilipoelewa kwamba na yeye ana aibu. Alimkabidhi mtu polisi kwa sababu ya pombe ya ndizi.

Hajanifukuza. Hana mwingine wa kutengeneza mashine zake. Kiberiti amebaki nacho yeye.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Sikwenda kanisani. Hakuna habari. Simu ni simu, lakini lori ni kesho. Kila gari linalopita barabarani nasimama.

Jumanne, 17 Machi

Njoroge amerudi jana jioni kwa miguu, kutoka mjini. Mdomo umepasuka, mguu wa kushoto anauburuta. Leo asubuhi amepanda trekta kama kawaida. Nimeisikiliza ikishuka mpaka mtoni na kurudi. Haikukohoa hata mara moja.

Saa sita alikuja nyumbani na boga kubwa, la shambani kwa mkewe. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Bwana ameniambia ni wewe uliyenitetea, Fundi. Hakusema zaidi. Mimi sitasahau, na watoto wangu nitawaambia."

Nilifungua mdomo. Elinipa alikuwa ametoka, anamshukuru kwa boga, anamuuliza hali ya mguu. Njoroge akaaga, akaenda zake akichechemea kwenye matope.

Boga limepikwa. Lilikuwa tamu, nimekula. Nusu tumeweka ya kesho.