Mablanketi ya Mariana

Rågsved, Jumapili usiku, Novemba 2012

Bwana Yesu, jioni njema. Hali yako siulizi, wewe huugui. Yangu leo ni mbaya.

Mariana, yule mama wa Kiroma, wale waitwao Wajipsi, anayeomba mlangoni pa duka na kulala nje, nilimwingiza chumba cha kufulia cha jengo letu, kwa zamu yangu, afue nguo na mablanketi yake. Mimi nikataka kutia kila kitu mashine moja. Akanishika mkono: "Nej, hapana, dada!" Sketi peke yake, vitambaa vya kichwa peke yake, mablanketi peke yake. Kwao kuchanganya ndiyo uchafu.

Mara akaingia Mama Furaha, ninayeimba naye kwaya. "Mama Neema, unatuletea hawa wachafu kwenye mashine zetu?" Akazima mashine, akayatoa mablanketi yakichuruzika maji, akayatupa nje kwenye theluji. Mama Furaha! Kule kambi ya wakimbizi mimi naye tulilala mkeka mmoja, na wenyeji walituita hivyo hivyo.

Mariana aliyaokota. Nilikimbia juu kwangu kumletea blanketi langu, kurudi, hayupo. Nimemtafuta mpaka mtaa wa pili, Hagsätra, wapi!

Bwana, usiku huu anajifunika nini? Nijibu upesi, tafadhali.